Jiwe la Saumu

Zamani, kabla vita vya Wazungu havijauvunja mji wa Kasongo, watu wake walikuwa na swali moja kwa kila mgeni. Hawakumuuliza jina. Walimuuliza, "Wewe ni wa nani?" Yaani nyumba gani, bwana gani, ukoo gani. Waliokuwa na cha kujibu walijibu wakapita zao. Lakini mwanamke mmoja, Waridi, jibu lilimkwama kooni maisha yake yote.

Alichukuliwa akiwa mdogo pande za Kabambare, kwa Wabangubangu, wakati vijiji vilipochomwa moto. Alipofikishwa Kasongo na kuulizwa yeye ni wa nani, alisema ni wa Tata, maana baba yake hakumjua kwa jina jingine. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sioni cha kuchekesha hapo, lakini ndivyo walivyokuwa. Hilo jina la Waridi alipewa na mwanamke aliyemnunua.

Mwanamke huyo aliitwa Bi Subira, mtu wa pwani aliyefuatana na mumewe mfanya biashara, na subira alikuwa nayo kwenye jina tu. Kiatu chake kilikaa karibu na mkono kuliko mguu. Kazi yake ilikuwa wanja. Alisaga mawe yaliyoletwa na misafara kutoka Manga, nchi ya Waarabu, akayachuja kwa kitambaa cha melimeli, akaujaza unga wake katika vijianzi, vipande vyembamba vya mwanzi, na kuviziba kwa pamba. Wanawake wote wa Kasongo waliotaka kuonekana watu walipaka wanja wa Bi Subira, na watoto wachanga hawakutolewa nje siku ya arobaini bila wanja huo machoni.

Waridi akafundishwa kusaga, na kabla ya kusaga akafundishwa kuyajua mawe. Bi Subira aliyapanga mkekani kama watu wa koo mbalimbali. "Hili ndilo wanja mwenyewe," alisema. "Ukilivunja linatoka sindano sindano, na kucha yako inalikwaruza. Hili ni la risasi. Zito, na likivunjika linatoa vipande vya pembe nne. Hili la shaba, tazama umanjano wake, tazama ukijani. Kila moja lina kabila lake." Kisha akainua kidole, na Waridi akajua sasa linakuja la kiatu. "Lakini liko jiwe moja halina kabila. Uzito limechukua kwa risasi, damu kwa shaba, mng'ao kwa fedha. Ukilichora kwenye kigae linakupa mstari mweusi likikudanganya kuwa ni wanja. Hilo ni jiwe la saumu. Jiwe la saumu, Waridi, usilisage kamwe! Litakula macho ya watu."

"Ndiyo, bibi," akasema Waridi.

Hakuuliza zaidi, na nani angeuliza? Saumu aliijua. Mwaka wake wa kwanza katika nyumba ile waliamshwa kula daku, na mchana alipoomba maji aliambiwa ni saumu, akalala na kiu yake. Basi akaelewa vizuri kabisa, alivyoona yeye: jiwe linalofika mwezi wa kufunga lisisagwe. Kile kitunguu kidogo cheupe chenye harufu kali, ambacho watu wa pwani hukiita saumu, siku zile kilikuwa hakijapandwa Kasongo. Kilipokuja kupandwa baadaye, watu wa hapa walikiita kitunguu cha Manga, naye Waridi akakiita hivyo hivyo.

Bi Subira alikufa kwa ndui. Alipokuwa anakata roho alimwacha Waridi huru mbele ya mashahidi, akamwachia na jiwe la kusagia na kitambaa cha melimeli. Tangu hapo wanja wa Kasongo ukawa wanja wa Waridi. Msafara ukiingia Ramadhani na mawe, hayagusi mpaka Idi ipite na mwezi mwingine uandame, hata wanawake wampigie magoti. Wakamsifu kweli kweli. "Waridi ana dini!" walisema. Na mawe ya miezi mingine? Aliyachora kigaeni, akaona mstari mweusi, akasaga. Miaka yote hiyo ni mawe ya Manga yaliyokuja, mazuri, na Mungu alimsitiri.

Ikafika miaka ya njia mbaya. Vita vilifunga njia ya Ujiji, mawe ya Manga yakaadimika. Mkesha wa Idi moja Waridi alikuwa na unga wa kijianzi kimoja tu, na akaja kuuomba msichana anayeitwa Hawa, mke mdogo wa Abdallah mfanya biashara ya pembe. Mama yake Hawa alikuwa Mzimba wa shambani, na Hawa mwenyewe alikuwa bado anajifunza kufunga ushungi. "Umekwisha, mwanangu," Waridi alimwambia. Jioni ile ile akampelekea Bi Faida, mke wa tajiri, kijianzi kile. Kesho yake kwenye Idi Hawa akayaona macho ya Bi Faida. Alimtazama Waridi tu, akageuka.

Mtazamo ule ulimsumbua Waridi mwaka mzima. Yeye aliyechekwa kwa kukosa ukoo, akamfanyia mwenzake vile vile! Kwa hiyo mwezi wa Shaabani, Amisi, mnyapara wa wapagazi, alipofika kutoka Kabambare na jiwe limefungwa kitambaani, Waridi alilipokea kwa mikono miwili.

"Limetoka kusini, nchi ya shaba," Amisi alisema. "Mwenye kuniuzia alisema iko feza. Mimi naona ni wanja. Wewe unaonaje?"

Waridi akaligeuza. Lilikuwa zito, la kijivu, linang'aa kama kisu kilichonolewa. Kucha haikulikwaruza, ilibidi kisu. Alilivunja kidogo: hakuna sindano, hakuna pembe nne, limepasuka ovyo kama chungu. Nyufani lilikuwa na vumbi jeupe kama unga wa muhogo, akalifuta kwa kanga. Akalichora kigaeni. Mstari mweusi, ingawa ukingoni ulikuwa na wekundu kidogo. Moyo ukamwambia, si sawa hili. Lakini mwenye njaa hachagui, na Waridi alikuwa na njaa ya kumlipa Hawa macho yale. Akahesabu: leo ni Shaabani, si Ramadhani. Basi si jiwe la saumu. Akalisaga lote kabla mwezi haujaandama.

Siku ya mwisho ya kufunga wanawake walijaa uani. Wa kwanza kupewa alikuwa Hawa, na kijianzi chake Waridi alikijaza mpaka juu. Mtoto wa Hawa, Kassimu, alikuwa anatimiza arobaini, na kesho yake angetolewa nje siku ya Idi yenyewe. "Nitamupaka leo leo bunduki zikilia," alisema Hawa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mutoto wangu atatoka na macho kama ya mwana wa sultani." Kasongo mwezi wa Idi ulipoonekana watu walipiga bunduki hewani. Waridi akamsindikiza mpaka njiani, roho yake nyeupe.

Jua lilipokuchwa alifungua kwa maji, akaanza kusafisha. Makombo ya lile jiwe yalikuwa yamebaki pembeni mwa jiwe la kusagia, akayafagia kwa kiganja, akayatupa jikoni kwenye makaa. Moshi mweupe ukapanda. Akapiga chafya.

Mlangoni akatokea jirani yake Mwamvita, mwanamke wa pwani, na bakuli la uji mkononi. Akasimama, akanusa, uso ukamchangamka. "Eh, shoga! Kumbe unayo saumu, nawe umeninyima!"

"Saumu gani tena?" Waridi akashangaa. "Jua limekwisha kuchwa, nimekunywa maji."

"Si hiyo wewe! Saumu, kitunguu saumu. Mimi sina hata punje, nimetafuta mji mzima. Si ndiyo hiyo unayokaanga?"

Waridi akatazama makaa. Hakukuwa na chungu wala kikaango. Kulikuwa na makombo ya jiwe yanayotoa moshi, na moshi ule ulinuka kitunguu cha Manga. Akasikia sauti ya Bi Subira kama vile amesimama nyuma yake na kiatu chake. Jiwe la saumu usilisage kamwe.

"Mwamvita," akasema taratibu, "kitunguu cha Manga, kwenu mnakiita saumu?"

"Tukiiteje tena?"

"Mungu wangu! Nimewapofusha watu!"

Akamweleza kwa maneno yanayokanyagana, huku anatafuta kanga yake na imo mabegani. Mwamvita hakuelewa nusu, lakini alielewa neno macho. Wakagawana mji. Mwamvita achukue nyumba za karibu, ambako wanawake wasingepaka mpaka asubuhi baada ya kuoga. Waridi aende kwa Hawa. Hawa alikaa mwisho wa mji, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kwenye njia ya Nyangwe, naye angepaka bunduki zikilia.

Waridi hakuwa msichana. Magoti yake yalikuwa yamezoea mkeka, si mbio. Alikimbia juu ya matuta ya mpunga, mguu mmoja ukazama topeni ukatoka bila kiatu, akakiacha. Macho yake aliyaelekeza magharibi akauomba mwezi usionekane. Fikiria, Mwislamu anaomba mwezi wa Idi usionekane! Uzee umenipoteza, akawaza. Pengine si jiwe. Pengine harufu ilitoka jikoni kwa mtu. Mwamvita mwenyewe pua yake ina tamaa. Pengine nakwenda kujiaibisha bure. Akapunguza mwendo. Hapo bunduki ya kwanza ikalia, nyuma yake ya pili, kisha mji mzima ukalipuka kwa baruti na vigelegele.

Akatokeza uani kwa Hawa. Hawa alikuwa kakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto mapajani. Kwa mkono mmoja ameshika kichwa cha mtoto. Mkono wa pili ulikuwa na kijiti cheusi kwa wanja.

"Usimpake!" Waridi akapiga kelele. "Hawa, weka chini! Umeshampaka?"

Mtoto akashtuka akalia. Hawa akaruka na kijiti chake. "Mama Waridi, kuna nini? Bado sijamupaka. Umenitishia mutoto!"

"Nipe huo wanja. Ni mbaya. Nipe, mwanangu, kwa jina la Mungu."

Uso wa Hawa ukabadilika. Waridi aliuona ukifunga, akaujua, ni ule ule wa Idi iliyopita. "Mubaya," Hawa akasema pole pole. "Mwaka jana ulikuwa umekwisha. Mwaka huu ni mubaya. Nani amekutuma leo? Bi Faida ametaka na wangu?"

"La hasha! Na wa Bi Faida tumekwenda kuuchukua."

"Nitajua kesho, nikimuona macho."

"Hawa, nisikilize. Jiwe lile ukilitia motoni linanuka kitunguu cha Manga. Ni sumu. Lete kaa la moto, nikuonyeshe."

Hawa, kwa jeuri tu, akamsogezea chetezo kwa mguu. Waridi akamwagia humo unga kidogo. Moshi mweupe ukapanda. Wakanusa wote wawili. Ee, balaa! Jikoni nyuma yao mama yake Hawa alikuwa anakaanga mapochopocho ya Idi, na kitunguu cha Manga alikitia bila huruma. Ua mzima ulikuwa unanuka.

Hawa akacheka kicheko kikavu. "Nanusa chakula cha mama yangu. Hata mukeka wangu unanuka. Sasa nao ni sumu?" Akakaa tena, akamweka mtoto sawa. "Mimi iko mutoto wa shamba, Mama Waridi, lakini si mupumbavu. Kitu kizuri kikifika kwangu ndipo kinakuwa kibaya."

Lilikuwa neno la kweli, na Waridi ndiye aliyelipanda kwa mkono wake. Angemrukia? Mama mtu alikuwa mlangoni na mwiko. Akapiga magoti mkekani.

"Nilikudanganya mwaka jana," akasema. "Wanja ulikuwepo. Nilimpa Bi Faida kwa sababu yeye ni mtu na wewe nilikuona si mtu. Nimekosa. Leo sikudanganyi. Nipe hicho kijiti nijipake mimi."

Hawa akamtazama. "Jipake basi. Ukiwa muzuri kwako, ni muzuri kwa mutoto."

Akachukua kijiti. Hapo hofu ikamshika kweli, hofu ya macho yake mwenyewe, maana mwanamke asiye na ukoo akipofuka nani atamshika mkono? Akasema Bismillahi, akakipitisha jicho la kushoto, ndani ya kope, vizuri kama anavyopaka bibi arusi. Akafumba, akafumbua.

Hakuna kitu. Wanja ulikuwa baridi, mtamu, kama wanja wowote wa Manga. Mtoto akanyamaza. Huko mjini bunduki zilizidi kulia. Waridi alingoja, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Unaona?" Hawa akasema, bila ukali sasa, kwa masikitiko. Akakichukua kijiti mkononi mwa Waridi, akakichovya tena, akakiinamisha kwenye jicho la mwanawe.

Ndipo moto ukawaka. Ulianza pembeni, kama punje ya pilipili, kisha ukalijaza jicho lote, ukaingia kichwani. Waridi hakutaka kupiga kelele asimtishe Hawa mkono ukateleza. Alinyoosha mkono macho yote yamefumba, akakishika kijiti kwa kiganja, akakikunja mpaka kikavunjika. Machozi meusi yakamwagika shavuni, na nyuma yake mengine, ya rangi ya damu.

"Mama wee!" Hawa akasema. "Mama, lete maji! Lete maji!"

Maji yakaletwa, hayakusaidia. Waridi alikuwa kajikunja, ananung'unika maneno ambayo hakuna aliyemsikia akiyasema tangu ajulikane Kasongo, maneno ya Kibangubangu. Hawa akampa mama yake mtoto. Akakiweka kichwa cha Waridi mapajani pake, pale pale alipokuwa Kassimu, akafungua kanga yake, akakamua ziwa juu ya lile jicho. Ndiyo dawa waliyoijua mama wote wa nchi ile. Akakamua, akapangusa, akakamua tena, anasema, "Pole, pole, nyamaza, pole," kama anavyosema kwa mtoto. Waridi, mtu mzima na mvi zake, akamshika kanga na hakumwachia.

Mwamvita alivikusanya vijianzi vyote. Bi Faida alimtupia chake kwa matusi ya kutosha mwaka mzima, lakini alikitupa. Vikafukiwa shimoni. Siku ya Idi wanawake wa Kasongo walitembea macho matupu wakachekana, na Kassimu alitolewa nje na masizi ya chungu kwenye paji la uso, macho yake meusi yanazunguka huku na huku. Jicho la kulia la Waridi lilikuwepo kumwona. La kushoto liliingia ukungu mweupe na halikurudi.

Kusaga hakuacha. Lakini tangu siku hiyo jiwe lolote, la Manga au la wapi, lilipita motoni kwanza, na Hawa ndiye aliyeitwa kunusa, kwa sababu Waridi alisema pua yake mwenyewe imekwisha kuharibika kwa woga. Watu walimwita Mama Chongo. Hawa peke yake alimwita "mutoto wangu". Alianza kwa utani. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na kila aliyesikia alicheka. "Cheka tu," Hawa alijibu. "Nimemunyonyesha kwa jicho."

Kisha vita vikaja, Kasongo ikachomwa, watu wakatawanyika. Hawa, Kassimu akiwa mtoto wa kukimbia kimbia, na Waridi ameshika ncha ya kanga ya Hawa, walishika njia ya Kabambare pamoja na wengine. Penye kivuko askari wa Wazungu walikuwa wanasimamisha watu na kuwatenga: hawa upande huu, wale upande ule. Aliyeonekana hana mwenyewe alichukuliwa kubeba mizigo, wala hakuonekana tena. Askari mmoja akamfikia Waridi, akamtazama mvi zake na jicho lake jeupe.

"Wewe mwanamke, wewe ni wa nani?"

Waridi akafungua mdomo. Jibu likamkwama pale pale, kama miaka yote. Aliona kundi la wale waliotengwa wamekaa chini juani, na kichwani mwake halikuwemo neno jingine isipokuwa Tata.

"Iko wangu," Hawa akasema, akampita mbele. "Huyu mutoto wangu wa kwanza."

Askari akamwangalia Hawa, mwanamke kijana, akamwangalia na yule kikongwe. "Huyu? Umemzaa wewe?"

"Kuzaa sijui," Hawa akasema. "Ziwa langu amenyonya. Muulize kama nadanganya."

Askari akamgeukia Waridi. Na Waridi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulijibu swali lile bila kuchekwa, akaishika kanga ya Hawa kwa mikono miwili, akajibu.

"Ni wa Hawa."